Malimao ya Menton au machungwa ya Muheza? Kwa anayetokea Mbeya

Mdogo wangu analima parachichi Kiwira, na kikundi chao kinajiandaa kupeleka watu wawili Berlin, kwenye maonyesho ya matunda ya Fruit Logistica yanayofanyika kila Februari. Alipokuja kwangu Uyole tuzungumze habari za viza, swali lililomkaa moyoni halikuwa la Berlin. "Kaka," akasema, "nikishafika kule, nisogee mpaka Ufaransa nikalione lile tamasha la malimao ulilotusimulia? Au hela hiyo niiache, Julai niende zangu Muheza kwenye machungwa?"

Sikumjibu siku ile ile. Nimefika kote kuwili: Muheza, mkoani Tanga, mara nne kwa miaka tofauti, na Menton, kule Ufaransa kwenye malimao, mara moja, Februari 2023. Ni miji miwili yenye jina kwa sababu ya matunda ya jamii ya michungwa, na yote miwili unaweza kuamkia shambani na jioni ukaoga bahari. Baada ya hapo hakuna tena kinachofanana. Najua wako wengi Rungwe, Mbozi mpaka Njombe wenye swali kama la mdogo wangu, kwa hiyo nimeona nilijibu kwa urefu.

Kalenda ndiyo inayoamua nusu ya jambo

Tamasha la Malimao la Menton, wenyewe huliita Fête du Citron, huchukua kama wiki mbili, kuanzia katikati ya Februari au kabla yake kidogo. Berlin huwa mwanzoni mwa mwezi huo huo. Ukisikia hivyo unadhani yanafuatana kama mabehewa. Hayafuatani kila mwaka. Mwaka 2023 Berlin ilifungwa Ijumaa tarehe 10, na Menton ikafunguliwa Jumamosi tarehe 11. Mimi nilipanda ndege bila kupoteza hata siku. Mwaka 2025 Berlin ilifungwa tarehe 7 na Menton ikafunguliwa tarehe 15. Hizo ni siku nane za kulala hoteli na kula Ulaya bila kazi yoyote, na kwa mkulima wa ekari tatu siku nane hizo ni mbolea ya msimu. Kwa hiyo kabla hujauliza lingine lolote, weka tarehe mbili hizo pembeni pa mwenzake. Zikiachana zaidi ya siku tatu, mimi ningekwambia rudi nyumbani.

Muheza haina tarehe ya ufunguzi. Msimu mkubwa wa machungwa hushika kuanzia Mei na Juni mpaka Agosti, na kuna msimu mdogo wa mwisho wa mwaka. Julai ndiyo mwezi wa kwenda. Tatizo lake kwetu ni kwamba Julai mahindi yanasubiri kuvunwa na kupukuchuliwa, na parachichi nazo zina wanunuzi. Februari, kinyume chake, ni mvua tupu. Shamba la mparachichi halikudai sana mbali na palizi na kuangalia maji yasituame kwenye mashina. Mwenye kijana wa kuaminika wa kumwachia shamba anaweza kwenda Muheza. Asiye naye, Julai itamuuma.

Menton: tunda lililovaa nguo za sherehe

Menton ni mji wa watu kama 30,000, umebanwa kati ya milima na bahari ya Mediterania, na ukitembea kwa mguu kuelekea mashariki unaingia Italia. Wenyeji wana hekaya kwamba Hawa alipofukuzwa Edeni aliondoka na limau moja mkononi, akalipanda hapo kwa sababu ghuba ile ilimkumbusha bustani. Ukishaiona asubuhi moja yenye jua, huwalaumu.

Kwa tamasha hutumika takriban tani 140 za malimao na machungwa. Sikuielewa hesabu hiyo mpaka nilipofika Jardins Biovès, bustani ndefu iliyo hatua chache kutoka kituo cha treni, nikakuta majumba, wanyama na ala za muziki zenye kimo cha nyumba ya ghorofa, zote zimevikwa matunda. Mada hubadilika kila mwaka. Mwaka ule ilikuwa muziki wa roki na opera. Gitaa zima, kuanzia tumbo mpaka shingo, ni machungwa, na nyuzi zake ni mistari ya malimao.

Jumatatu asubuhi, watalii wengi walipokuwa bado wamelala, nilisimama kuwatazama mafundi. Ndani kuna fremu ya chuma, juu yake wavu, katikati wameshindilia majani makavu. Kila tunda linafungwa peke yake kwa raba bendi, zile zile tunazofungia noti. Mama mmoja alikuwa na ndoo ya raba bendi kiunoni na kreti la machungwa miguuni. Alikuwa anapita na kidole juu ya matunda kama anayepapasa embe sokoni. Likilegea, analing'oa, analitupa, anaweka jipya, anavuta raba, inalia tap. Halafu lingine. Watu zaidi ya 300 hufanya kazi kwenye maandalizi yale, na asilimia kubwa ya kazi ndiyo hiyo: tunda, raba, tap. Mimi niliyezoea kufunga parachichi kwenye kreti kwa kuogopa lisichubuke, mikono ile nilitamani kuiajiri.

Magari ya maonyesho nayo, yaliyopambwa hivyo hivyo, hupita kando ya bahari kwenye barabara ya Promenade du Soleil, kwa kawaida Jumapili mchana na Alhamisi usiku. Ngoma, wacheza sarakasi, karatasi za rangi zinakuangukia mpaka kwenye kola. Hapo kuna tiketi. Nilinunua ya kusimama kwa kubana hela, na nikajuta: mimi si mrefu, mbele yangu walipanga mstari watu warefu, nikaona vichwa vya magari tu. Ukienda, lipia jukwaa la kukaa, au nenda Alhamisi usiku ambapo taa zinafanya kila kitu kionekane hata kutoka mbali.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonikaa zaidi ya magari. Matunda yale mengi hayatoki Menton. Yanaagizwa kutoka Hispania. Wenyewe husimulia kwamba mwaka 1929 Menton bado ilikuwa ya kwanza kwa malimao barani Ulaya, na mwaka huo huo mwenye hoteli mmoja alipata wazo la kuweka maonyesho ya maua na matunda kwenye bustani ya hoteli yake. Mwaka 1934 tamasha likapata jina lake la sasa. Kisha baridi kali, magonjwa ya miti na bei ya viwanja vya nyumba vikaila milimao, mpaka leo mashamba yaliyobaki ni madogo, kwenye matuta ya mawe juu ya mji. Tunda lilipungua, jina likabaki, na jina hilo huleta wageni zaidi ya 200,000 katika majira ya baridi.

Limau lao lenyewe unalipata sokoni, linauzwa likiwa na majani yake. Ganda lina harufu inayokufuata mpaka mfukoni, na maji yake hayana uchungu ule unaobaki nyuma ya ulimi. Nilinunua manne. Bei yake ningepata tenga zima la machungwa Muheza, na sikusikitika.

Muheza: tunda likiwa kazini

Muheza hakuna gwaride. Hakuna tiketi, hakuna jukwaa, hakuna wa kukupa ramani. Ukishuka stendi Julai unakuta machungwa yamemwagwa chini kama kokoto, malori yanapakia, na madalali wanakusoma usoni kujua kama umekuja kununua au kutembea. Sema ukweli mapema kwamba umekuja kujifunza. Mara yangu ya kwanza nilijifanya mnunuzi ili nionyeshwe mashamba, na dalali mmoja akanizungusha siku nzima kwenye mashamba aliyodai ameshayalipia. Jioni mwenye shamba wa kweli akatokea na panga mkononi akitokea kulima, akaniuliza natafuta nini kwake. Tulimalizana kwa chai, lakini aibu ile sijaisahau.

Uliza mwenyeji akupeleke kwa mkulima anayekubali wageni, mwende alfajiri. Utakachokiona cha kwanza ni rangi. Machungwa ya Muheza ni ya kijani, na ni matamu. Watu wetu wa Mbeya wanayaona sokoni SIDO au Mwanjelwa wanadhani yamechumwa machanga. Sivyo. Chungwa hugeuka njano au rangi yake ile inayoitwa kwa jina lake pale tu usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuvunja ukijani wa ganda. Usiku wa Tanga ni wa joto, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku ganda likibaki kijani. Menton wanapata dhahabu yao kwa sababu Februari kwao usiku hushuka kwenye nyuzi 8 hivi. Hapa kwangu Uyole nina mlimao mmoja nyuma ya jiko, na ukifika Juni unawaka njano utadhani umepakwa rangi. Nilipolielewa hilo, Muheza, nikiwa nimekaa kwenye tenga lililopinduliwa, niliona baridi yetu ya Nyanda za Juu kwa jicho jingine kabisa: ni mtaji ambao hatujautumia kwa malimao.

Kitu cha pili ni maji moto. Ni sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi kufanya kiota juu ya mchungwa. Wachumaji wanawachukia, maana ukiparamia tawi wanakuingia shingoni na kuuma kweli kweli. Wakulima wazee wanawaacha, kwa sababu wanakula wadudu wanaofyonza na kutoboa matunda. Nilimwona kijana mmoja akipanda mti, akasimama nusu, akajipangusa mikono yote miwili kwa majivu, akaendelea. Mzee mwenye shamba akaniambia mti wenye maji moto hana haja ya kuupulizia dawa mara kwa mara. Sisi tunaohangaika na masalia ya viuatilifu kwenye parachichi za kwenda Ulaya, somo hilo peke yake linalipa nauli.

Na utaonja. Uliza aina: Msasa huwahi, Valencia huchelewa, na mkulima atakuchania moja moja ulinganishe. Menton nilipewa maelezo mengi kuhusu limau na nikala manne. Muheza nilikula machungwa mpaka midomo ikawasha, kila moja kutoka mti niliokuwa nauona.

Ubaya wa Muheza pia usemwe. Matunda mengi huanguka na kuoza. Wachumaji wengine huyatupa chini toka juu, yanachubuka. Msimu ukishika bei huporomoka, na wafanyabiashara, wakiwemo wanaovusha kwenda Kenya, wananunua shamba zima yangali mtini kwa bei ambayo mwenye shamba anaikubali kwa kuwa mtoto anadaiwa ada. Nimeyaona haya na yameniuma, kwa sababu ni yale yale ya viazi vya Umalila na lumbesa zake, yale magunia yanayojazwa kupita kiasi. Mtu anayetaka mapumziko ya kuufurahisha moyo tu, asiende kuyatafuta huko.

Safari na mfuko

Kwenda Muheza kutoka Mbeya ni safari ya zaidi ya kilomita 900. Unapanda basi la Dar alfajiri, unateremka mlima Kitonga, unapita Mikumi na Morogoro, unashukia Chalinze, unachukua la Tanga kupitia Segera. Usijidanganye kuimaliza kwa siku moja. Lala Morogoro au Chalinze ufike ukiwa mtu. Siku sita jumla ndizo za chini kabisa: mbili za kwenda, mbili za kurudi, moja ya Muheza na moja ya Tanga mjini. Tanga iko kilomita 35 hivi mbele ya Muheza. Utembelee mapango ya Amboni, ukae Raskazone jioni upepo wa kusi unapovuma. Mwenye siku moja zaidi apande Amani, milima ya Usambara Mashariki, kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kama unachotaka ni ufukwe tu, hapo sitakudanganya: Matema iko karibu na kwako, na Ziwa Nyasa halina chumvi.

Menton ni hesabu nyingine kabisa. Kutoka Mbeya kwa ajili ya tamasha peke yake, hapana, isipokuwa ni fungate au ndoto uliyoiwekea akiba miaka mingi. Kutokea Berlin, ni ndege ya saa mbili hivi mpaka Nice, kisha treni ya dakika 40 hivi inayopita Monaco kando ya bahari. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote hizo. Mimi 2023 nililipa euro 80. Tangu Juni 2024 ni euro 90. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000, na siku unazoomba zihesabu Ufaransa tangu mwanzo. Usiombe siku za Berlin tu ukidhani nyingine utaziongeza huko huko. Na kama siku za Ufaransa zitazidi za Ujerumani na shughuli yako kubwa ni huko, ubalozi wa kuomba nao unabadilika.

Hoteli za Menton hujaa mapema, na tabu zaidi ni kwamba sherehe za Carnival ya Nice huangukia siku hizo hizo, kwa hiyo hata Nice bei hupanda. Mimi nilichelewa, nikalala Ventimiglia upande wa Italia, dakika chache kwa treni, na kwa kweli ndipo ningelala tena. Jumapili ya gwaride treni zilijaa nikaziachia mbili zipite. Ondoka kabla ya saa nne asubuhi.

Baridi isikutishe. Mchana ni nyuzi 13 au 14, ni kama asubuhi ya Juni Mbeya, ila yenye jua. Koti unalovaa Mwanjelwa asubuhi linatosha.

Jambo moja la kuwa mwangalifu sana: usibebe parachichi za zawadi kwenye begi. Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda mbichi, hata la msafiri. Zinazosamehewa ni nanasi, nazi, durian, ndizi na tende tu. Na ukirudi usije na kikonyo wala mche wa limau la Menton bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, hata kama umekipenda namna gani. Ugonjwa mmoja wa michungwa ukiingia, hauulizi nani aliuleta.

Kwa mdogo wangu wa Kiwira

Kama ungekuwa unataka kuona tu, ningekwambia Menton, ukaone binadamu walivyoweza kuliheshimu tunda. Lakini wewe unalima, na ekari yako ya chini karibu na mto umeniambia unataka kuiwekea malimao. Basi nenda Muheza kwanza. Ukae siku tatu na mkulima, uulize kuhusu mashina ya kubebeshea, nafasi ya mti na mti, maji moto, na hasa namna wanavyouza. Uone kwa macho yako tunda jema likikosa bei kwa kuwa halina jina lolote likishaondoka shambani.

Ukishaliona hilo, Menton itakuwa na maana kwako mwaka mwingine. Tangu 2015 jina la limau la Menton limesajiliwa Umoja wa Ulaya. Lazima liwe limelimwa Menton au katika wilaya ndogo nne za jirani, Castellar, Gorbio, Roquebrune-Cap-Martin na Sainte-Agnès, likachumwa kwa mkono. La Hispania linaweza kupamba gitaa lote la sherehe, lakini haliwezi kuuzwa kwa jina hilo. Nikifikiria mchele wa Kyela, ambao kila gunia la mchele mweupe Dar es Salaam linadai ndio lenyewe, naona wivu. Kyela wana harufu, wana ardhi, wana jina tayari. Wale wa Menton walibaki na matuta machache ya mawe na wakalinda jina kama mboni ya jicho. Hilo sikulipata kwenye banda lolote la Berlin. Nililipata kwa muuza malimao sokoni aliyenionyesha karatasi yenye alama, kabla hata hajaniambia bei.

Mdogo wangu alinijibu juzi kwa simu. Berlin ataenda na kurudi na wenzake, tarehe za mwaka huu hazikubali. Julai tunakwenda Muheza wawili, maana na mimi nina mlimao nyuma ya jiko unaohitaji ndugu. Ameniuliza abebe nini. Nimemwambia mfuko wa viazi vya Uporoto kwa mzee atakayetupokea, shati la mikono mirefu, na majivu.